Picha 200 kwa sekunde, za nini?

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, mzazi mmoja wa Tabata ameniandikia. Kijana wake yuko kidato cha tano, ana kompyuta ya kuchezea gemu, na sasa anadai kwamba kadi ya grafiki imechoka. Akigeuka haraka ndani ya gemu, picha inachanika katikati ya kioo. Dawa yake, kwa maelezo ya kijana, ni kadi mpya ya shilingi laki tisa. Mzazi anauliza: je, ni kweli, au anapigwa changa la macho na mtoto wake mwenyewe?

Nijibu kwanza, halafu nieleze. Kijana hasemi uongo, picha inachanika kweli. Lakini kadi mpya peke yake haitaizuia isichanike, na huenda ikaichana mahali pengi zaidi kuliko hii ya sasa. Dawa yenyewe kwa sehemu kubwa imo tayari ndani ya kompyuta hiyo hiyo, na haiuzwi.

Najua wapo watakaoguna: mtu mzima, redio ya watu, leo katuletea habari za gemu! Wagune tu. Laki tisa ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa wengi wanaonisikiliza, na mtu anayetakiwa kuitoa ana haki ya kujua inakwenda kufanya kazi gani.

Tuanze na kioo. Monita haioneshi picha iliyotulia kama ile iliyotundikwa sebuleni. Inaichora upya mara nyingi kila sekunde, mstari baada ya mstari, kuanzia juu kwenda chini. Monita za kawaida, za ofisini na za majumbani, huchora mara 60 kwa sekunde, ndiyo maana huandikwa 60 Hz. Zinazouzwa kwa wacheza gemu huchora mara 144, 165 au 240, na zipo zinazozidi hapo. Desturi hii ya kuchora kutoka juu kuja chini ni urithi wa televisheni za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, ambamo mwali wa elektroni ulipita mstari kwa mstari hadi chini, kisha ukarudi juu kuanza upya. Huku kwetu televisheni hizo zilikwenda mara 50 kwa sekunde, namba ile ile ya umeme wetu. Wamarekani na Wajapani walikwenda mara 60. Katika miaka ya 1990 gemu nyingi za Kijapani zilipouzwa Ulaya kwa mashine za mara 50 zilitembea polepole kwa karibu asilimia 17, muziki na kila kitu. Waliozicheza utotoni hawakujua kwamba wamepunjwa mwendo.

Sasa njoo kwenye kadi ya grafiki. Huyu ni fundi mwingine kabisa, na hana saa moja na kioo. Yeye hutengeneza picha kadiri anavyoweza. Penye kazi ngumu, tuseme mji mkubwa wenye magari na mvua, atatengeneza 45 kwa sekunde. Penye kazi nyepesi, kama ukurasa wa kuchagua timu, atatengeneza 300. Namba hiyo vijana huiita FPS, na huitaja kwa majivuno, kama vile zamani watu walivyotaja mabasi ya mikoani yaliyofika Moshi mapema kuliko mengine.

Matatizo huanza hapo. Kioo kimeshachora nusu ya juu ya picha, fundi naye amemaliza picha mpya na kuibandika pale pale bila kungoja. Nusu ya chini inachorwa kutoka kwenye picha mpya. Ikiwa mchezaji alikuwa anageuka, nguzo iliyokuwa hapa juu inaonekana imesogea pembeni chini. Umewahi kuona vipande viwili vya kitenge vilivyoungwa na fundi mzembe, maua ya juu hayakutani na maua ya chini? Ndivyo inavyoonekana, na ndiyo maana nimesema inachanika. Fundi mwenye kasi zaidi atabadilisha picha mara mbili au tatu katika mchoro mmoja wa kioo, na mishono itakuwa miwili au mitatu. Mzazi wa Tabata angelipa laki tisa kununua mishono.

Dawa ya kale ya ugonjwa huu ni ile iliyoandikwa V-Sync katika mipangilio ya gemu. Vijana huitamka visinki. Kazi yake ni kumwamuru fundi: usibandike picha mpya mpaka kioo kimalize kuchora ya kwanza. Mara moja mishono inatoweka. Sasa unaweza kuuliza, kama ni rahisi hivyo, kwa nini vijana wengi huizima?

Wana sababu, na si za kipuuzi. Chukua pantoni ya Magogoni. Tuseme inaondoka kila baada ya dakika 17 kamili, haingoji mtu. Ukifika na gari lako dakika ya 16, umepanda. Ukifika dakika ya 18, pantoni imekwenda, unakaa hadi dakika ya 34. Umechelewa dakika moja, umepoteza kumi na saba. Kioo cha mara 60 kinafanya hivyo hivyo, ila kwa milisekunde: kila baada ya milisekunde 16.7 kinaanza mchoro mpya. Fundi akitumia milisekunde 18 kumaliza picha, amekosa safari, anangoja ya pili. Kwa hiyo kompyuta iliyokuwa inatoa picha 55 kwa sekunde, ukiwasha V-Sync ya mtindo wa zamani inaanguka hadi 30. Ikishindwa hata 30 inaanguka hadi 20. Mchezaji haoni mishono tena, anaona kigugumizi. Ipo njia ya kupunguza hilo, ya kumpa fundi ubao wa tatu wa kuchorea ili asikae bure akingoja, na gemu nyingi za siku hizi huitumia au hutumia kitu kinachofanana nayo. Lakini kigugumizi hakiishi chote.

Sababu ya pili ni ucheleweshaji. Fundi mwenye nguvu akizuiwa na V-Sync hutengeneza picha mapema na kuzipanga foleni. Picha unayoiona sasa ni ya kitambo kidogo kilichopita. Umebonyeza kitufe cha kupiga risasi, mkono wa kwenye kioo unafuata baadaye. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mchezaji mzoefu anaihisi, kama mpiga ngoma anavyohisi mwenzake anayechelewa.

Mwaka 2013 kampuni ya Nvidia ikaja na wazo la kugeuza kibao: badala ya fundi kungoja kioo, kioo ndicho kimngoje fundi. Pantoni ikae gatini mpaka gari lifike, kisha iondoke papo hapo. Waliuita mfumo huo G-Sync, na ulihitaji kifaa maalumu ndani ya monita kilichopandisha bei yake. AMD wakajibu mwaka 2014 kwa FreeSync, na mwaka huo huo chama cha viwango vya vioo, VESA, kikaingiza ufundi wa aina hiyo katika kiwango cha DisplayPort, bila kutoza ada ya kuutumia. Januari 2019 Nvidia nao wakakubali kadi zao zifanye kazi na monita za kiwango hicho. Hivyo leo si lazima uwe tajiri kupata kioo kinachongoja. Monita nyingi za gemu za bei ya kati zina uwezo huo. Lakini kuna mipaka. Monita iliyoandikwa kwamba inafanya kazi kati ya Hz 48 na 144 haiwezi kungoja milele, wala haiwezi kwenda mara 200. Fundi akizidi 144, mchezo unarudi kwenye mishono au kwenye foleni, kama vile hukununua kitu.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka lisikike leo, nalo ni kikomo. Unamwambia fundi: usitengeneze zaidi ya picha kadhaa kwa sekunde, hata kama unaweza. Ni kidhibiti mwendo kama kile cha mabasi. Gemu nyingi zina sehemu ya kukiweka. Zisipokuwa nayo, programu za kadi yenyewe zinayo. Nvidia waliongeza kikomo cha wazi katika draiva zao Januari 2020, AMD walikuwa nacho tangu 2015, na kuna RivaTuner, programu ya bure ambayo wacheza gemu wa kompyuta wameitegemea kwa miaka mingi.

Vijana hukichukia kikomo kwa sababu namba inashuka. Alikuwa anaona 210 pembeni ya kioo, sasa anaona 60. Ameibiwa! Lakini kioo chake kinachora mara 60. Zile 150 za ziada hakupata kuziona nzima hata moja. Alichoziona ni vipande vyake, vilivyoshonwa vibaya. Na kila moja ilitengenezwa kwa umeme ulionunuliwa.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kadi bila kikomo inakula wati 220, na ikiwekewa kikomo inakula 120. Tofauti ni wati 100. Kijana anacheza saa 4 kila siku, siku 30: hizo ni uniti 12 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei unayonunulia Luku. Na umeme ule haupotei hewani kimya kimya, unatoka kama joto ndani ya chumba. Dar es Salaam ya Februari, chumba kimefungwa madirisha kwa ajili ya mbu, unaongeza feni ili kupambana na joto ulilolilipia. Nilimwekea mpwa wangu kikomo cha 60 kwenye gemu yake ya mpira, na feni za kompyuta zikatulia kiasi kwamba taarifa ya habari ya saa mbili ikasikika sebuleni. Kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo.

Kuna habari mbaya zaidi ya joto la chumba. Julai 2010 kampuni ya Blizzard ilitoa gemu ya StarCraft II. Wachezaji wakaanza kulalamika kwamba kadi zao zinapata moto kupita kiasi, na jambo la ajabu, si wakati wa vita bali kwenye kurasa za kusubiri, ambako hakuna kinachotendeka. Sababu ni ile ile ya fundi na kazi nyepesi: ukurasa mtupu hauhitaji jitihada, kwa hiyo kadi iliutengeneza mara mamia kwa sekunde bila kupumzika. Ushauri wa Blizzard ulikuwa ni kuongeza mistari miwili katika faili la mipangilio, mmoja wa kuzuia picha zisizidi 60 wakati wa mchezo, na mwingine zisizidi 30 kwenye kurasa za kusubiri. Mistari miwili tu ya maandishi.

Mtu angedhani somo hilo limekwisha. Julai 2021, miaka 11 baadaye, kampuni ya Amazon ilifungua jaribio la gemu yake ya New World. Baadhi ya waliokuwa na kadi za RTX 3090, ambazo zilipotoka mwaka 2020 zilianzia dola 1,499 za Marekani, walishuhudia kadi hizo zikifa, nyingine zikiwa kwenye ukurasa wa kusubiri tu. Kadi ya namna hiyo imeruhusiwa kula wati 350. Amazon walisema gemu ni salama, lakini wakatoa marekebisho ya kuweka kikomo cha picha kwenye kurasa hizo. Watengenezaji EVGA, ambao kadi zao zilitajwa sana, baadaye walieleza kwamba kasoro ilikuwa ya kulehemu vifaa kwenye kadi chache, kama dazeni mbili, na kwamba walizibadilisha.

Niwe mwadilifu hapa. Kadi nzima haipaswi kufa kwa sababu ya gemu. Ina ulinzi wake wa joto, na kosa la kulehemu ni la kiwandani. Kikomo hakiponyi kadi mbovu. Lakini mchezaji wa kule aliunguliwa akapelekewa nyingine. Wengi wetu huku tunanunua kadi zilizokwishatumika, risiti ni neno la muuzaji, na huyo muuzaji huenda amehama fremu ya duka utakaporudi. Mwenye kadi ya namna hiyo ana sababu kubwa kuliko Mmarekani ya kutoikimbiza bila faida.

Zipo pia gemu ambazo namba ikipanda zinaharibika zenyewe, kwa sababu watengenezaji walifunga saa ya gemu kwenye idadi ya picha. Katika Dark Souls II ya kompyuta, iliyotoka 2014, silaha zilichakaa haraka mara mbili kwa mtu aliyecheza kwa picha 60 kuliko aliyecheza kwa 30, na marekebisho yalikuja mwaka uliofuata. Katika Skyrim ya 2011 vyombo vilirukaruka mezani vyenyewe ukizidisha 60 sana. Wachezaji walidhani nyumba ina majini.

Kwa upande mwingine, wapo ambao nisingewashauri V-Sync hata kidogo. Anayecheza Counter-Strike kwa mashindano huizima na kuacha kadi itoe picha nyingi kuliko kioo chake, na anajua anachofanya. Kile kipande cha chini kilichoshonwa vibaya kina habari mpya zaidi kuliko picha nzima ya zamani, na katika mchezo ambao anayeona kwanza ndiye anayebaki hai, hiyo ni faida halisi. Amekubali mishono na joto ili apate kitambo kidogo. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na yule anayecheza mpira au mbio za magari peke yake chumbani, amemwiga yule wa mashindano, kisha anamlilia baba kwamba picha inachanika.

Sasa mzazi wa Tabata afanye nini? Kabla ya yote, amwambie kijana afungue mipangilio ya kioo ndani ya Windows aone kimewekwa mara ngapi kwa sekunde. Nimekuta zaidi ya mara moja monita ya 144 iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inafanya kazi kwa 60, kwa sababu hakuna aliyeibadilisha, au kwa sababu waya uliotumika ni wa zamani. Kama monita ni ya 60 ya kawaida, awashe V-Sync na aweke kikomo cha 60. Kama ina FreeSync au G-Sync, auwashe mfumo huo kwenye monita yenyewe na kwenye draiva, aache V-Sync ya draiva ikiwa imewashwa, kisha aweke kikomo chini kidogo ya uwezo wa kioo. Kwa kioo cha 144, waliopima kwa makini hupendekeza 141 au chini kidogo ya hapo, ili fundi asigonge dari.

Na kama kompyuta haifikii 60 kila mahali, asihangaike kuilazimisha. Picha 30 zinazokuja kwa hatua sawa hutazamika vizuri kuliko 50 zinazopanda na kushuka. Mwenye kioo cha 120 ana bahati nyingine, anaweza kuweka kikomo cha 40, kila picha ikakaa michoro mitatu kamili. Namba hii ni nzuri kuliko inavyoonekana: picha 30 hukaa milisekunde 33.3 kila moja, 60 hukaa 16.7, na 40 hukaa 25, yaani katikati kabisa ya hizo mbili. Watengenezaji wa Steam Deck, mashine ile ya mkononi iliyotoka 2022, waliruhusu kioo chake kishushwe hadi mara 40 kwa sababu hiyo na kwa sababu ya betri.

Baada ya hapo apunguze vivuli na mambo ya maji yanayometameta, ambayo hula nguvu nyingi. Kama bado gemu anayoipenda haitoi hata picha 30, basi kadi ni dhaifu kweli, na kijana aje na hoja yake mezani, akiwa amezima ile namba ya pembeni ya kioo. Niliizima kwa mpwa wangu juma zima, na hakuniuliza hata mara moja imefika ngapi.

Kwa leo naishia hapo. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutarudi kwenye bei ya sukari.